Nilivyokwenda Kufundisha Kiingereza Thailand, na Nilivyorudi

Wiki niliyostaafu, vijana wa chumba cha walimu hapa Likoni walinifanyia chai ya kuniaga. Wakanipa doti ya leso na saa kubwa ya ukutani, kana kwamba mtu aliyeachana na kengele ya shule anahitaji saa. Chai ilipokwisha, mmoja baada ya mwingine alinivuta pembeni na swali lilelile: Mwalimu Maimuna, wewe ulifikaje Thailand zamani zile, bila simu ya mkononi, bila mtandao? Nimeona niandike mara moja. Nikimhadithia kila mtu peke yake, sauti itanikauka kabla barua ya pensheni haijafika.

Vyeo sitavisema, wala mshahara. Hayo yamo kwenye faili, na faili za shule yetu mchwa wamekwisha kuzisoma kunishinda mimi. Nitasema jinsi kazi ilivyokuwa. Na nitasema jambo moja ambalo hamkuniuliza: niliitaka kazi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na nyumbani nilikuwa na mama mmoja tu, asiye na mtoto mwingine. Mambo hayo mawili hayakukaa pamoja vizuri.

Nilianza kufundisha mwanzoni mwa miaka ya themanini, nikitokea chuo cha ualimu moja kwa moja. Tulikuwa tukikaa Shika Adabu, mimi na mama. Baba alikwisha kufariki. Mama alikuwa mshonaji wa kofia za viua, na siku yangu ya kwanza kazini aliniamsha mapema akanifukiza udi hadi nikanukia kama biharusi. Niliingia darasa la sita nikamwaga Kiingereza chote nilichotoka nacho chuoni. Watoto walinitazama kwa heshima kubwa, na kila nilichosema wakaitikia "yesi madamu". Nilipouliza ni nani aliyevunja kioo cha dirisha, darasa zima likaitikia "yesi madamu".

Nje ya dirisha hilo lisilo na kioo alikuwa amesimama Mwalimu Kazungu, mkuu wa somo la Kiingereza. Alikuwa Mgiriama wa Kaloleni, mrefu, mzee wa kanisa, na koti lake la kijivu hakulivua hata katika joto la Machi. Kipindi kilipokwisha nilimwendea.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kiingereza chako ni kizuri sana."

"Ahsante, Mwalimu."

"Umekuja nacho na unaondoka nacho. Watoto hukuwaachia hata kipande."

Kesho yake akaja na kioo cha kunyolea, mshumaa, na redio kaseti iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Kioo kilikuwa cha mtoto kuutazama ulimi wake mwenyewe, maana wapo wanaochanganya l na r maisha yao yote bila kujua ulimi umelala wapi. Mshumaa ulikuwa wa pumzi: ukiitamka p ya Kiingereza sawasawa mwanzoni mwa neno, moto unainama. Kaseti ilikuwa ya kurekodi taarifa ya habari redioni, kisha kusimamisha na kurudia hadi masikio yachoke. Betri zikiisha tulizianika dirishani juani, zikapata uhai wa kipindi kimoja zaidi. Siku hizi umeme ukikatika na projekta ikazima, nawaona mmekaa mikono mitupu mkingoja fundi, na mimi nakumbuka ule mshumaa.

Mwalimu Kazungu ndiye aliyenitia uchu wa kusafiri, ingawa yeye mwenyewe alidai kwamba hakukusudia. Siku moja tukisahihisha madaftari aliniambia, "Unajua, mimi na wewe hatujawahi kufundisha Kiingereza mahali ambapo hakuna pa kukimbilia. Mtoto akikwama anakimbilia Kiswahili, na sisi tunamfuata mbio." Yalikuwa maneno ya kupita tu, lakini mimi yaliniingia. Nilianza kujiuliza kama kazi yangu ni kazi kweli au ni mchezo wa kuigiza baina ya watu waliokwisha kuelewana. Nilitaka nisimame mbele ya mtoto ambaye hana neno langu hata moja, nami sina lake, nione kama nitamfikisha popote.

Basi nikaanza kutafuta. Magazeti niliyapata kwa muuza duka jirani, yakiwa ya juzi na juzi ile, kabla hajayafungia sukari. Nilikuwa nikikata matangazo ya shule za Asia na kuyaandikia: Japani, Korea, Hong Kong, popote. Shule nyingi zilijibu kwa adabu kwamba zinataka mtu aliyezaliwa na Kiingereza. Nyingine zilivutiwa na vyeti vyangu na kuomba picha. Nilipeleka picha, barua zikakoma. Nikaenda kwa mpiga picha mzuri zaidi, nikapeleka mpya, barua zikakoma vilevile. Mama alishika mojawapo ya picha hizo akaniambia, "Wallahi umependeza. Hawa hawana macho."

Mwishoni mwa miaka ya themanini Mwalimu Kazungu alikuja shuleni na tangazo dogo alilolikata kwa wembe. Kulikuwa na mama mmoja wa Kithai, mwenye shule ya watu binafsi katika mji wa mawe ya thamani mashariki mwa nchi yao. Mumewe alikuwa mnunuzi wa mawe, na alikuja Kenya kila mara kwa ajili ya yale ya Taita. Safari hii amemleta mkewe, na mke anataka walimu wa Kiingereza. Atawahoji hotelini Shanzu siku ya Jumamosi. Mawe na walimu kwa safari moja! Nilicheka, kisha nikalisoma tangazo mara ya pili.

Jioni ile nilimwambia mama. Alikuwa kibarazani na kofia yake mapajani.

"Hiyo Thailandi iko upande gani wa Maka?"

"Mbele ya Maka, mama. Huko litokako jua."

"Kuna watu wetu huko?"

"Sijui."

"Na futari utapikiwa na nani?"

"Ntapika mwenyewe."

"Wewe?" Akacheka mpaka sindano ikamponyoka. Alipoipata, hakucheka tena. "Enda ukawaone hao watu, mwanangu. Kuwaona si kwenda."

Jumamosi nikavaa buibui langu jipya, nikavuka kwa feri, nikafika Shanzu mapema mno, nikajikalisha chini ya mnazi wa hoteli hadi saa yangu ikafika. Mpokeaji wageni akanielekeza ghorofa ya pili, mlango wa mwisho. Korido ilikuwa na zulia na ukimya wa kutisha. Nikasimama.

Sasa nielezee, maana wengi wenu mmetoka bara. Mimi nimelelewa kwamba mlango wa mtu hausukumwi. Unasimama kando yake, usije ukaona ya ndani, unapiga hodi kwa mdomo. Usipoitikiwa unangoja kidogo, unapiga ya pili, halafu ya tatu. Ya tatu ikipita kimya, mwenye nyumba ama hayupo ama hataki mgeni, na yote mawili ni haki yake. Unakwenda zako, wala hununi. Na huu haukuwa hata mlango wa ofisi. Ulikuwa mlango wa chumba cha kulala, hotelini, na mimi mwanamke peke yangu.

"Hodi!" nikaita. Kimya. Nikangoja, nikaita tena. Nilisikia mashine ya ubaridi ikinguruma ndani, na kama mtu anayesogeza kiti. Hodi ya tatu niliipiga kwa sauti ya juu kidogo kuliko adabu inavyoruhusu. Hakuna aliyesema karibu. Basi nikageuka.

Kwenye ngazi nikakutana na Njeri, mwalimu wa Changamwe tuliyejuana katika semina. Alikuwa amevaa viatu vyekundu vya visigino na anapanda mbiombio.

"Maimuna! Umemaliza tayari?"

"Hawapo."

"Umegonga?"

"Nimepiga hodi tatu."

"Na mlango umeujaribu?"

Nilimtazama kama aliyeniambia nipenye dirishani. Njeri akatikisa kichwa, akasema, "Hebu nikaone mimi," akapita. Nikateremka. Nilikuwa nimefika geti la hoteli ndipo niliponong'onezwa na akili yangu kwamba Njeri hajashuka. Ningeweza kurudi. Lakini nirudi niseme nini, na mwenye mlango alikwisha kunyamaza mara tatu?

Mama hakuuliza mengi. "Kama hukuitikiwa, hukuitikiwa," alisema. Halafu akaingia jikoni akapika wali wa nazi na samaki wa kupaka, chakula ambacho kwetu hakipikwi siku ya huzuni. Nilikila chote, nikaenda chumbani nikalia na uso ndani ya mto ili asinisikie. Nilijua amenisikia.

Jumatatu nilimsimulia Mwalimu Kazungu. Nilitegemea anicheke au anigombeze. Alifuta miwani yake kwa pindo la koti.

"Mimi ningefanya vivyo hivyo," akasema. "Ndiyo maana unaniona niko hapa."

Maneno hayo yalinichoma kuliko kugombezwa. Nilikwenda darasani nikiwa na hasira, nikawasha mshumaa, nikawapanga watoto wa darasa la sita waupulizie maneno yao mmoja mmoja. Katikati ya kipindi nikaona macho yao yote yamehama. Mlangoni alikuwa amesimama mwanamke mfupi wa Kithai, gauni la hariri, mkoba wa ngozi. Nyuma yake Njeri, anahema kwa joto. Yule mama hakuingia. Aliinama akavua viatu vyake, akavipanga vizuri nje ya darasa, akabaki na soksi juu ya saruji yetu yenye vumbi la chaki, kisha akanitazama, anangoja.

"Karibu," nikasema. Ndipo akaingia.

Akakaa nyuma, kwenye dawati la mtoto, hadi kipindi kikaisha. Mshumaa aliuangalia sana. Watoto nao waliangalia soksi. Kengele ilipolia akaniita kando. Jina lake Suda, na Kiingereza chake kilikuwa kifupi kama cha telegramu.

"Jumamosi ulikuja wewe?"

"Nilikuja."

"Nilisikia mtu anaita. Nikadhani mfanyakazi wa hoteli anamwita mwenzake. Kwa nini hukufungua?"

"Hukunikaribisha."

Alifikiri. "Kwetu watoto wa shule wanaingia popote bila kubisha. Utaweza kuwafundisha na hilo?"

"Nitajaribu."

"Njeri anakuja. Wewe pia uje. Mume wangu anarudi kutoka Taita kesho, tunaondoka. Ninyi mtatufuata, viza na tiketi zikiwa tayari."

Ndivyo nilivyoajiriwa. Msije mkadhani nilishinda kwa adabu zangu. Njeri alinieleza baadaye kwamba kulikuwa na mwalimu mwanamume aliyekwisha kukubaliwa, akaghairi Jumapili, na Bi Suda alikuwa amebakiwa na nafasi na siku moja. Njeri ndiye aliyemwambia, "Kuna mwenzangu alifika mlangoni kwako akarudi nyumbani," akamvusha kivuko kuja kunitafuta. Angeweza kunyamaza. Viatu vile vyekundu aliviharibu kwa matope ya Likoni kwa ajili yangu, na mpaka leo sijui nimlipe nini.

Ikabaki radhi ya mama. Kwetu mtoto anaweza kuwa na paspoti, viza na tiketi, lakini bila radhi hajasafiri. Siku tatu nilizunguka naye, mara nimtekee maji ya kuoga, mara nimwonyeshe karatasi za Bi Suda zilizoandikwa Kithai ambazo mimi mwenyewe sikuzielewa. Mwisho akaniambia nikae.

"Waogopa kuniuliza?"

"Naogopa."

"Nami naogopa kujibu." Akaishika mikono yangu yote miwili. "Radhi nimekupa, Maimuna, mbele ya Mungu. Kulia ntalia. Lakini kulia si kukukataza."

Mji ule wa mawe ulikuwa mdogo kuliko nilivyoota na mvua yake kubwa kuliko nilivyosoma. Barabara moja ilikuwa imejaa meza, na kwenye meza watu wamekaa wakigeuza vijiwe vyekundu na vya buluu kwa koleo ndogo. Wiki ya kwanza nilidhani nitarudi. Halafu nikapita sokoni nikamwona bibi mmoja anakuna nazi, amekalia kigoda chenye ulimi wa chuma mbele, kama mbuzi wetu wa Likoni. Nikasimama kama mjinga. Njeri alipouliza kile kigoda chaitwaje, akaambiwa jina lake ni sungura. Sisi mbuzi, wao sungura. Siku ile nilinunua nazi mbili, nikapika kile nilichomwambia mama kwamba nitakipika, kikaungua.

Darasani ndiko nilikopata nilichokitaka, na nilikipata kwa shida. Mahali pa kukimbilia hapakuwapo kweli. Watoto wa Likoni wakisema Kiingereza huongeza sauti mwishoni mwa neno, kila kitu kiishe kwa a au i. Wale walikuwa wanameza: neno linaanza vizuri, halafu mwisho wake unatumbukia kooni. Kioo kilifaa kwa l na r, maana huko nako wanazichanganya, lakini mshumaa haukusaidia, kwani shida haikuwa mwanzo wa neno. Nilihangaika muhula mzima. Mwishowe nikatumia kiberiti. Kila mtoto alikuwa na kasha tupu la kiberiti. Akianza neno anakivuta kidroo, na neno halijaisha mpaka akisukume ndani kiseme "tak" pamoja na herufi ya mwisho. Darasa zima likawa linatatarika. Mkitaka kuniiga, haramu hakuna, lakini toeni njiti kwanza. Mimi nilisahau mara moja.

Kisa kigumu zaidi kilikuwa cha mnunuzi wa mawe mmoja na binti yake Nok, msichana wa miaka kama kumi na moja ambaye hakufungua kinywa darasani. Baba alikuja kwa Bi Suda na mbele yangu akasema, kwa Kithai ambacho nilikwisha kukijua kiasi cha kuumia, kwamba yeye amelipia Mwingereza. Bi Suda alinigeukia. "Mjibu wewe," akasema, akaendelea kupiga mihuri yake.

Nilitafuta maneno. Nikamwambia kwamba Mwingereza hajui Kiingereza kinavyojifunzwa, kwa sababu hakumbuki alivyojifunza. Mimi nakumbuka kila hatua niliyojikwaa, na binti yake amejikwaa palepale. Sijui kama alinielewa. Aliondoka bila kuaga. Nok nikamkalisha na kioo peke yake kila siku baada ya masomo, simsemeshi, nacheza na kiberiti changu tu. Baada ya wiki nyingi akakichukua mkononi mwangu akasema neno moja, akalifunga. Nilitoka nje nikajifanya napiga chafya.

Siku moja ya soko baba alimchukua Nok mezani kwake alipokuja mnunuzi mgeni kutoka Ulaya. Mgeni alitaja bei. Nok akamwambia kwa Kiingereza, herufi zote zikiwa mahali pake, kwamba bei hiyo ni ya kuchekesha. Kuanzia msimu ule, durian zikiiva, baba yake alikuwa ananiletea moja mlangoni. Durian ni tunda la heshima sana kule, na lina harufu ya bomba la maji machafu lililopasuka. Nilikuwa napokea kwa mikono miwili, nashukuru, na Njeri anakimbilia nje.

Na mama? Simu ilikuwa shida, na macho yake hayakuwa tena ya kusoma, basi tukawa tunatumiana kaseti. Mwalimu Kazungu ndiye aliyekuwa akimpelekea redio yake nyumbani Shika Adabu siku za Jumamosi, akamrekodi. Ukisikiliza, kwanza unasikia mzee wa kanisa anakohoa na kusema "Tayari, mama, sema," halafu mama anaanza salamu. Upande mzima wa kwanza ulikuwa salamu: zangu, za Njeri, za Bi Suda na mumewe, za watoto wa shule, za mwenye nyumba. Habari zenyewe zilikuwa zinaanza upande wa pili, nazo zikakatika kwa kuwa kaseti imekwisha. Nilikuwa nazisikiliza nikiwa nimelala chali gizani, nacheka na machozi yananitiririkia masikioni.

Mkataba wa kwanza ukaisha, nikatia saini wa pili bila kwenda nyumbani. Njeri alihamia Bangkok. Kadiri miaka ilivyokwenda, kaseti za mama zilibadilika kidogo kidogo. Zamani alianza "Mwanangu". Sasa alikuwa anaanza, "Asalaam aleikum, Mwalimu Maimuna." Alikuwa ananishukuru kwa kusikiliza. Alikuwa ananiomba radhi kwa kunichukulia wakati wangu. Nilisema moyoni, huu ni uzee. Nikatia saini mkataba wa tatu, nikaomba kwanza likizo ya kwenda kumwona.

Nilifika Shika Adabu miaka ya tisini imekwisha kuanza, tiketi ya kurudi iko ndani ya mkoba. Mama alitoka mlangoni akanikumbatia, amepungua, nilihisi mifupa ya mabega yake. Tukalia vya kutosha. Halafu akanikalisha kwenye kiti cha mbao cha sebuleni, akamwita mtoto wa jirani, akampa hela akanunue soda. Ya baridi, alimwambia, na akimbie.

Sikulitia maanani. Nilikunywa soda. Usiku akanipa kitanda chake na shuka ambazo hazijafunuliwa, yeye akatandika mkeka. Nikakataa, akakataa kukataa kwangu. Asubuhi maji ya moto yalikuwa tayari bafuni, na kifungua kinywa kililetwa kwenye sinia lililofunikwa kwa kawa, kwa sahani zile za maua ambazo utotoni nilikatazwa hata kuzigusa. Nilipoinuka kuchukua vyombo nikavioshe, alinishika mkono.

"Wacha, mwanangu. Mgeni haoshi vyombo."

Alisema kwa upendo mtupu. Mimi nilihisi kama nimepigwa kofi. Nikadhani itapita siku mbili tatu, lakini haikupita. Kila nilipotaka kufagia, fagio lilikwisha kufichwa. Kila alipokuja jirani, mama alimwambia, "Yuwaondoka karibuni, mwacheni apumzike." Alikuwa ananiuliza nikipendacho, yeye aliyenizaa, kana kwamba hajui kuwa mimi sili biringani. Na kila alasiri, soda. Nilielewa basi zile salamu za kwenye kaseti. Mama hakuwa amezeeka, alikuwa amejizoeza. Alinipa radhi kweli, na ili aweze kuishika, alinitoa ndani ya nyumba moyoni mwake pole pole, akaniweka sebuleni.

Mwalimu Kazungu, ambaye alikwisha kustaafu, alikuja kuniamkia. Nikamweleza tukiwa kibarazani. Alinisikiliza, akakohoa kile kikohozi cha kaseti.

"Kule ulifundisha?" akaniuliza.

"Nilifundisha, Mwalimu. Wallahi nilifundisha."

"Basi ulichokwenda kukijua umekijua," akasema, na hakuongeza neno.

Vijana wananiuliza kwa nini sikurudi kule, na wanakisia mengi: ndoa, ugonjwa, ugomvi na Bi Suda. Bi Suda nilimwandikia nikamwomba msamaha, naye akajibu kwa sentensi mbili, ya pili ikisema Nok ananisalimu. Niliumia kuiacha ile kazi. Naumia hata sasa nikisikia kasha la kiberiti likifungwa. Nilianza upya katika shule ya hapa mtaani, chini ya walimu niliowatangulia chuoni, nikakaa hadi juzi mliponipa saa.

Lakini turudi kwenye likizo ile. Ilikuwa alasiri. Mama alikuwa amekaa jikoni juu ya mbuzi anakuna nazi, kwa taratibu, maana macho yalikwisha kufifia, alikuwa anapapasa. Mtoto wa jirani alikwisha kuniletea soda, ipo mbele yangu kwenye kisahani, haijafunguliwa. Nikasema kutoka sebuleni, kwa sababu sikuwa na uhakika nitaweza kulisema nikimtazama:

"Mama, sirudi."

Mbuzi akanyamaza.

"Wasema nini?"

"Thailand. Nimewaandikia. Sirudi tena, mama. Nakaa."

Nikasikia anavuta pumzi, anajifuta uso kwa leso. Kisha ikaja sauti ambayo sikuwa nimeisikia miaka mingi, ile kavu ya kuniamshia shule.

"Basi wakaa hapo wangoja nini? Vyombo viko uani tangu asubuhi. Na hiyo soda usiifungue, irudishe dukani. Ni ya wageni."